Mlango wa Chumba Namba Nne

Katika kituo cha serikali cha kulelea watoto, sahani haiwezi kuvunjika yenyewe. Mama Kalamu alilijua hilo wiki yake ya kwanza kazini, miaka kumi na tisa iliyopita, sahani ya udongo ilipomponyoka msichana wa miaka sita jikoni ikapasuka vipande viwili. Kwenye fomu ya kuomba nyingine aliandika kwamba sahani imeanguka. Fomu ikarudi. Akaandika kwamba imeanguka kwa bahati mbaya. Ikarudi tena, safari hii na duara la wino mwekundu kuzunguka kisanduku alichokiacha wazi: namba ya taarifa ya polisi. Alipokwenda polisi, sajenti wa dawati alimweleza kwa upole kwamba wao hawaandikishi ajali za sahani. Wanaandikisha makosa, na kosa lazima liwe na mtu. Basi akamtaja mtu. Wakati huo mtu mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ngazi za jikoni, ananyonya kidole.

Kwa umri wake, hakuna aliyemgusa. Namba ikatoka, fomu ikapita, na sahani mpya ikaja baada ya miezi miwili. Tangu siku hiyo Mama Kalamu hakurudishiwa fomu hata moja.

Jina hilo alipewa na watoto, kwa sababu ya kalamu ya buluu aliyoichomeka nyweleni juu ya sikio la kulia tangu asubuhi mpaka anapotoka kazini. Kazi yake kwenye barua ya ajira iliitwa mlezi. Kulea kwenyewe alikufanya, tena vizuri: alijua nani anakojoa kitandani na nani anaogopa ngurumo, alichana vichwa thelathini kila Jumamosi, na homa ya usiku aliipima kwa kiganja kabla ya kutafuta kipimajoto. Lakini alichosifiwa ofisini ni daftari la matukio. Lilikuwa na jalada gumu la kijani na safu nne kila ukurasa: tarehe, tukio, mhusika, hatua iliyochukuliwa. Mwandiko wake ulikuwa wa duara, umesimama wima, hauna mkwaruzo. Wakaguzi walikuwa wakilipeleka daftari lake vituo vingine kama mfano. Ukutani kwa mkuu wa kituo kulitundikwa cheti cha mfanyakazi bora chenye jina lake. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu kustaafu.

Kila Jumatatu alitia karatasi zake kwenye bahasha ya plastiki na kutembea mpaka polisi. Sajenti wa dawati, ambaye sasa alikuwa na mvi, alimzoea kiasi cha kumtania.

"Leo umeniletea nini, Mama? Kikombe au pazia?"

"Kijiko," angejibu, na wote wawili wangecheka kidogo, kwa sababu kweli kilikuwa kijiko.

Nyumbani kwake mambo yalikwenda kienyeji. Mumewe alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na penseli fupi. Kijana wao mkubwa alipokuwa na miaka kumi na nne aliwahi kuubamiza mlango wa choo kwa hasira ya kukatazwa kwenda mpirani, fremu ikachomoka na vumbi lake. Baba yake hakupandisha sauti. Alimpa patasi na nyundo, akamwambia chakula kitamkuta mlango ukiwa mahali pake. Kijana alihangaika Jumamosi nzima. Leo yuko chuo cha ufundi, anasomea milango. Siku ile haikumpitia Mama Kalamu akilini hata kidogo kwamba nyumba yake imefanyiwa kosa la jinai.

Sasa tuje kwa Redio. Huyu alikuwa msichana wa miaka kumi na tano aliyefika kituoni akiwa na saba, ameshika mkono wa mdogo wake wa kiume aliyekuwa na mwaka mmoja. Kwa kuwa kituo ni cha wasichana, mkono ule uliachanishwa getini, na mtoto akapelekwa kituo cha wavulana upande wa pili wa mji. Jina la Redio lilimfaa: aliongea akifua, aliongea akila, aliongea na mswaki mdomoni. Hakuwahi kuiba wala kumpiga mtu. Hata hivyo jalada lake polisi lilikuwa na taarifa tano: sahani mbili, kikombe, kijiko alichokikunja akijaribu kufungua kopo la maziwa, na pazia alilolinasa na kidole cha mguu akicheza. Zote zilikuwa zimeandikwa kwa mwandiko wa duara, uliosimama wima, na kila moja ilibeba maneno *kwa makusudi*, kwa sababu bila maneno hayo sajenti hakuwa na pa kuweka mhuri.

Utaratibu ulisema gari la ofisi lingewakutanisha ndugu hao wawili Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Mwaka huu, mwezi wa kwanza gari halikuja: fomu ya safari haikuwa imesainiwa. Mwezi wa pili fomu ilisainiwa, lakini aliyeisaini alikuwa amekaimu na muda wake wa kukaimu ulikwisha Ijumaa. Mwezi wa tatu Redio alivaa gauni lake la kijani tangu saa mbili asubuhi, akakaa getini na mfuko wa peremende alizozikusanya wiki nne. Saa tisa mchana mlinzi alimwambia aingie ndani, leo pia hakuna kitu. Redio aliingia, hakusema neno, jambo ambalo lingetosha kumshtua yeyote. Akafika chumba namba nne, akaupiga mlango teke moja. Mlango ukaanguka chali sakafuni kama mtu aliyekuwa akisubiri ruhusa.

Mama Kalamu aliandika. Jumatatu akaenda polisi na bahasha yake.

"Leo nini, Mama?"

"Mlango."

Sajenti hakucheka. Sahani ni sahani, alieleza, lakini mlango ni sehemu ya jengo, na jengo ni mali ya serikali. Na huyu mtoto ana taarifa tano tayari. Hii haiwezi kuishia kwenye mhuri. Mchana huohuo gari lilifika kituoni kwa wakati, fomu zake zote zimesainiwa, likamchukua Redio.

Mtoto akikamatwa, mzazi huenda kumdhamini. Mzazi wa Redio kisheria alikuwa serikali. Mama Kalamu alikwenda kumdhamini kwa niaba ya serikali, akaambiwa alete barua ya makao makuu. Makao makuu yakajibu kwamba ofisi haiwezi kumdhamini mtu aliyeharibu mali ya ofisi, kwani itaonekana inaingilia kesi yake yenyewe. Redio akakaa mahabusu ya watoto wiki mbili, na siku ya kumi kitanda chake kikapewa mtoto mwingine, kwa kuwa utaratibu hauruhusu kitanda kulala kitupu.

Kesi ilipangwa Jumatano. Jumatatu yake mkuu wa kituo alimwita Mama Kalamu ofisini. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kawaida ya kunyoosha karatasi ambazo tayari zimenyooka. Alimwarifu kwamba afisa wa ustawi wa jamii ameshaandika mapendekezo: miaka mitatu katika shule ya maadilisho. Hilo ni jina zuri la mahali penye ukuta mrefu, kengele, na mabweni yanayofungwa kwa nje. Mkuu hakuonekana kufurahi wala kusikitika. Alisema tu kwamba itakuwa kwa manufaa ya mtoto, hasa ukizingatia suala la kitanda.

"Wewe ndiye shahidi wetu," alimwambia. "Kazi yako nyepesi. Soma kilichoandikwa. Usiongeze, usipunguze."

Jioni ya siku hiyo, mezani kwake, chakula hakikushuka. Mumewe akauliza kulikoni. Alipomsimulia, seremala hakuuliza habari ya mtoto, wala ya kesi. Aliuliza habari ya mlango. Mbao au ubao wa kubandika? Bawaba ngapi?

"Nitajuaje bawaba, baba watoto? Mlango ni mlango."

"Mlango wenye bawaba tatu haudondoki kwa teke la msichana. Hata mimi nikiupiga, nitaumia mguu tu. Huo ulikuwa unaumwa siku nyingi, mke wangu."

Jumanne alfajiri aliingia kazini mapema, akaenda chumba namba nne. Mlango ulikuwa umeegemezwa ukutani, ushahidi namba moja, na kipande cha karatasi kimebandikwa juu yake. Bawaba ya juu haikuwepo. Mahali pake palikuwa na misumari miwili iliyokunjwa, yenye kutu ya miaka. Bawaba ya kati ilikuwa na skrubu moja. Kutu ile haikuwa ya wiki mbili, na Mama Kalamu, ambaye alijivunia kuona kila kitu, alikuwa amepita hapo kila siku akihesabu watoto.

Alikwenda kwenye kabati la madaftari ya zamani. Hakuhitaji kutafuta sana, maana aliyeyapanga ni yeye. Miaka minne nyuma: *mlango wa chumba namba nne, umevunjwa kwa makusudi*, mhusika msichana mrefu aliyekuwa akiwasuka wenzake, hatua iliyochukuliwa, polisi. Huyo alikaa mwaka mmoja shule ya maadilisho, akatoka ametimiza umri, na hakuna aliyejua alikokwenda. Miaka miwili nyuma: mlango uleule, maneno yaleyale, mhusika msichana wa kigugumizi aliyeugonga kwa stuli wenzake walipomfungia nje. Huyo alipewa miaka mitatu, na alikuwa angali huko. Mara zote mbili fomu ya mlango mpya ilikuwa imepita bila kasoro, na mara zote mbili mlango mpya haukuja. Mlinzi alikuwa ameupigilia misumari ili watoto wasilale wazi.

Hakuwa amelisahau tukio hata moja. Ni vile tu hakuwahi kuyafungua madaftari mawili kwa wakati mmoja. Kila moja lilikuwa kamili, limekaguliwa, limesifiwa. Alikaa kwenye kiti kidogo cha watoto. Akiyapeleka yote mahakamani, watajua nani aliyaandika. Kilichobaki kwake baada ya miaka kumi na tisa ni mwandiko huo na cheti ukutani. Asipoyapeleka, Redio atakula miaka mitatu, na mlango utapigiliwa misumari mara ya tatu.

Mahakama ya watoto hukaa chumba cha pembeni, bila joho na bila watazamaji, ili mtoto asiogope. Redio aliletwa na askari wa kike. Gauni lilikuwa lilelile la kijani. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa. Hakumwangalia mtu. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo, na mbele yake kulikuwa na mafaili ya siku nzima.

"Mzazi au mlezi wa mtoto yupo?" aliuliza.

Mama Kalamu akasimama, akajitambulisha.

Hakimu aliandika. "Mlalamikaji, mwenye mali iliyoharibiwa?"

Hakuna aliyesogea. Hakimu akainua macho, akamkuta mama yule yule bado amesimama, madaftari matatu ya kijani ameyabana kifuani.

"Mama, wewe nimeshakuandika. Kaa. Namwita mlalamikaji."

"Ndiye mimi, mheshimiwa."

"Wewe si ndiye mzazi?"

"Ndiye mimi pia. Mlango ni wa serikali na mtoto ni wa serikali. Wote nimepewa mimi niwatunze."

Hakimu alivaa miwani. Alimtazama afisa wa ustawi, ambaye aliona ni wakati mwafaka wa kukagua viatu vyake. Akauliza kama mzazi huyu amekuja kumtetea mwanawe au kumshitaki. Mama Kalamu alijibu kwa unyenyekevu kwamba ametumwa kusoma kilichoandikwa.

Alikula kiapo, akasoma. Alianza na daftari la mwaka huu, kama ilivyotakiwa. Tarehe, tukio, mhusika, hatua. Mkuu wa kituo, aliyekaa kiti cha nyuma, alitikisa kichwa kuridhika. Kisha Mama Kalamu akafungua daftari la pili, la miaka miwili nyuma, akasoma kwa sauti ileile. Halafu la tatu. Hakuongeza, hakupunguza.

"Ni milango mitatu hiyo?" hakimu aliuliza taratibu.

"Ni mmoja, mheshimiwa. Bawaba ya juu haipo. Kuna misumari miwili yenye kutu."

"Na haya maneno, kwa makusudi. Uliona mwenyewe?"

Alitoa kalamu nyweleni bila sababu, akairudisha.

"Sikuona. Mara zote tatu sikuona. Nisipoandika hivyo polisi hawatoi namba, na bila namba hatupewi mlango."

"Na mlango mkapewa?"

"Hapana."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Redio na kumuuliza swali ambalo hakuna daftari lililokuwa na safu yake: kwa nini aliupiga teke. Ilichukua muda redio kuwaka. Ilipowaka, haikuzimika. Msichana alieleza habari ya gari la Jumapili, la mwezi wa kwanza, la pili na la tatu, na jinsi peremende zilivyoyeyuka zikashikana na karatasi zake, na kwamba mdogo wake sasa ana miaka tisa na mara ya mwisho walipoonana alimwamkia shikamoo kama anavyoamkia wageni. Hakulia. Alieleza kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Askari wa kike alitazama dirishani.

Kesi ilifutwa kabla ya saa sita. Hakimu aliagiza gari la Jumapili lisikose, na faili la msichana wa kigugumizi liletwe mbele yake ndani ya siku saba. Lilikuja siku ya arobaini na moja, na pamoja nalo barua ndefu ya kueleza kwamba siku saba zilikuwa za kazi. La msichana mrefu hakimu aliliulizia pia, akaambiwa limefungwa kwa sababu mhusika amekuwa mtu mzima.

Nje ya mahakama mkuu wa kituo alimsogelea Mama Kalamu, uso umemwiva.

"Nilikwambia nini mimi?"

"Nisome kilichoandikwa, mkuu. Nisiongeze, nisipunguze."

Kosa lililotendwa lilikuwa lazima liwe na kifungu, naye mkuu hakuweza kukipata hapohapo. Cheti, hata hivyo, kiliondoka ukutani wiki hiyohiyo, kupisha kalenda.

Walirudi kituoni kwa miguu, yeye na Redio, kwa kuwa gari halikuwa limeombewa fomu ya kurudisha mtu. Mama Kalamu alitafuta neno la kumwambia. Samahani lilikuwa neno dogo kwa wasichana watatu. Alilisema hivyohivyo, dogo lilivyokuwa, huku akiangalia mbele.

Redio alitembea hatua kadhaa. "Kumbe Mama unajua kusoma kwa sauti," alisema. "Sisi tulidhani unajua kuandika tu."

Wakamlaza kwenye kitanda cha chumba cha wagonjwa, ambacho kwa bahati hakuna utaratibu uliokikumbuka. Jumapili iliyofuata haikuwa ya kwanza ya mwezi, wala mkuu hakuwa zamuni. Baada ya chakula cha mchana mzee mmoja alipiga hodi getini, amevaa shati lake la kutokea, begani ana mkoba uliokuwa ukigongana chuma ndani. Mlinzi alimwandika: mgeni mmoja, kusalimia. Hakuuliza mkoba wa salamu una nini, maana mzigo wa misumari ile ulikuwa umemkaa rohoni hata yeye.

Kutengeneza mali ya serikali bila kibali kumekatazwa na kifungu ambacho Mama Kalamu angeweza kukitaja kwa kichwa. Mumewe alifanya kazi kwa dakika ishirini na tano. Aling'oa misumari, akaziba matundu kwa vijiti na gundi, akaweka bawaba tatu. Redio alimshikia skrubu kwenye kiganja, akazungumza bila kupumzika: kuhusu mahabusu, kuhusu uji wa mahabusu, kuhusu hakimu na mnyororo wa miwani yake. Seremala, ambaye hupenda kufanya kazi kimya, aliitikia kila sentensi kwa mguno. Alipomaliza alisimama pembeni, akamwambia msichana aupige teke.

Redio alimtazama Mama Kalamu. Mama Kalamu alitazama dari.

Teke lilikuwa la nguvu. Mlango ulitetemeka, ukabaki. Msichana aliruka kwa mguu mmoja chumba kizima, ameshika kidole, anacheka na kuugua kwa pamoja.

Kwenye daftari la matukio siku hiyo iliandikwa, kwa mwandiko wa duara uliosimama wima: *Jumapili. Mgeni mmoja. Hakuna tukio.*

Jumanne ilifika barua ya makao makuu kuhusu fomu ya mlango wa chumba namba nne. Ilisema kwamba, kwa kuwa mtuhumiwa ameachiwa na mahakama, ofisi haiwezi kuutambua mlango huo kuwa umevunjika, na maombi yamekataliwa. Mama Kalamu aliisoma mara mbili. Akainuka, akaenda chumba namba nne, akaufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, barua ya makao makuu ilikuwa imesema kweli. Aliitoboa matundu mawili pembeni na kuiweka kwenye faili lake.